Barua Niliyokataa Kuisoma Kikundini

Beni, Jumatano

Mama,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mgongo wako, maana najua huo ndio unaotangulia kuamka. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika, au dereva wa lori la maharagwe aliimaliza kwenye magoti yake? Mbuzi wako wawili hawajambo? Sisi hapa tupo. Kambale anaranda mbao zake, mimi niko kwenye cherehani, na ile familia iliyokimbia mashambulizi ya Mbau bado tunagawana nayo ua na jiko. Tunakula sombe ya majani ya muhogo mara nyingi kuliko tunavyopenda, lakini tunakula.

Paluku, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, funga mlango kwanza. Usiruke neno, hata likikuuma. Sikupiga simu kwa sababu simu ya huko Kirumba husikilizwa na ua mzima, na mambo yangu yameshasikilizwa na watu wa kutosha.

Mama, nina hasira. Nakuandikia upesi usije ukasikia kwa wauza maharagwe kwamba Masika amekwenda kukusema kanisani. Nimekusema, ndiyo. Lakini sikusema wanavyosema wao.

Ilianza na binti yangu wa pili, Kavira. Wifi yangu wa Butembo, yule mwenye duka la vitenge ambaye hakujaliwa mtoto, alimwomba kaka yake, mume wangu, ampe Kavira akae naye na asome huko. Alisema Butembo kuna utulivu kuliko Beni, na hapo hakusema uongo. Kambale akakubali kabla sijaulizwa. Mtoto ana miaka minane, Mama. Minane! Nikakataa, nikapiga kelele, nikavunja sahani mbili, sifichi. Basi Kambale akanipeleka kwa wazee wa kanisa kama mtu anayepeleka redio kwa fundi. Wazee hawakuniuliza kwa nini nimekataa. Waliniandikisha kozi.

Inaitwa kozi ya uponyaji wa familia. Wanawake wanane, kila Jumamosi alasiri, viti vya plastiki vimezungushwa sebuleni kwa mama anayeongoza. Huyo lazima umwite Maman Animatrice. Ukimwita kwa jina lake hasikii. Kuna kijitabu. Kuna wimbo wa kufungua na sala ya kufunga, na katikati ni kulia. Asiyelia anatazamwa kama amekuja ibadani bila sadaka. Mimi sikulia, kwa hiyo nilitazamwa sana.

Siku moja tulipewa karatasi kubwa na kalamu mbili tuchore ukoo wetu, bluu kwa baraka, nyekundu kwa majeraha. Nikamchora Bibi, nikakuchora wewe, nikajichora mimi. Maman Animatrice akasimama nyuma yangu, akauliza nani alinilea. Nikasema shangazi yangu, Butembo, tangu nina miaka minane. Akauliza na wewe, Mama, nani alikulea. Nikasema shangazi yako. Akapiga makofi kama aliyeokota kitu.

“Bamama, mukuje muone! Iko munyororo! Bibi alitoa mutoto, mama alitoa mutoto. Donc, Masika, hata weye utatoa.”

Nikamwambia, “Mais maman, niko hapa ju nilikatala kutoa.”

“Ile haiko kukatala. Ile ni jeraha njo inasema.”

Umesikia hayo? Nikimtoa mtoto ni mnyororo, nikikataa ni jeraha. Nikamuuliza, “Na njaa? Njaa tunachora na rangi gani?”

Akafungua kijitabu chake, akafunua kurasa, akafunga. “Njaa haiko mu kitabu, Masika.”

Mwaka uliponitoa, Baba alikuwa amezikwa juzijuzi na sisi tulikuwa tunakula viazi vya mbegu. Nakumbuka. Nilikuwa mdogo lakini ladha ya kile kiazi kilichokwisha kuchipuka naikumbuka mpaka leo. Hakikuwa na kalamu.

Wiki iliyofuata kila mtu alitakiwa kutoa jeraha moja. Tuliweka mikono juu ya Biblia tukaapa kwamba yanayosemwa pale yanabaki pale. Mimi mjinga nikaamini. Nikasimulia jambo ambalo hata Kambale hakulijua. Shangazi alinituma chumvi katika soko la Butembo, nikakuona. Ulikuwa na kapu la viazi mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, umeinama unapita upande wa pili wa barabara. Nikaita “Mama!” Ukapita. Nilisema hayo tu, nikakaa.

Jumanne nikaenda sokoni kununua makayabu. Yule mama anayeuza, ambaye hata si wa kanisa letu, akanishika mkono.

“Pole sana, Masika. Tuko nakuombea. Kumbe mama yako alikukimbiaka mu soko?”

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nikaacha samaki pale pale, nikaenda moja kwa moja kwa Maman Animatrice. Hakukana, wala hakuona aibu. Alikuwa amepeleka habari yangu kwa waombezi ili niombewe.

“Na jina langu je? Ulitaja ju ya nini?”

“Sasa Mungu atajua ni Masika gani? Bamasika beko bengi mu Beni!”

Kwa vile kila binti wa kwanza kwetu ni Masika, aliona jina pekee halitoshi. Akaongeza: Masika fundi wa nguo, mke wa Kambale seremala, wa kutoka Kirumba. Waombezi ni kumi na wawili na kila mmoja ana jirani. Ajabu kama Mungu naye hajanipata.

Akaniambia nisamehe, kwamba somo la mwisho ni kusamehe. Kila mmoja aandike barua ya msamaha kwa mzazi wake, aisome mbele ya kikundi, kisha aiweke ndani ya kikapu chini ya msalaba. Nikamwambia mama yangu si wa kuwekwa kwenye kikapu chao. Sijarudi tena, na nguo yake iliyoko kwangu ataikuta kwa fundi mwingine.

Nyumbani nikamwambia Kambale kwamba Kavira haendi popote, na siku hiyo sikuvunja sahani. Akanitazama, akatabasamu. “Unaona? Kozi imekusaidia!” Nusura nimtupie mkasi. Wifi hatusalimii sasa. Na mimi nafua nguo za mtoto huku masikio yangu yako barabarani, kwa sababu kikitokea kitu hapa Beni, mimi ndiye niliyesema abaki. Woga huo naujua sasa. Labda wewe ulikuwa na wako. Sijui, hukuwahi kusema, na mimi nilikaa miaka sita kwa shangazi nikiosha sufuria na kungoja useme.

Msalimie mama mdogo anayeuza mkaa, na baba mkubwa mwenye jino moja, mwambie alitunze. Msalimie jirani aliyekuzalisha uliponizaa mimi. Yeye umwambie tu kwamba nashona, basi.

Mama, kikundi kinataka nikusamehe. Mimi nataka unijibu. Nimejiambia miaka yote kwamba kapu lilikuwa zito, kamba ilikuvuta kichwa chini, na soko lilikuwa na kelele. Nimemwambia hivyo hata Kavira alipouliza kwa nini sikupendi kama anavyonipenda yeye. Nyuma ya karatasi hii sikuandika kitu. Dereva anayekuletea barua hii anapakia maharagwe huko siku mbili kabla hajarudi Beni. Mwambie Paluku aandike pale neno lako, aifunge kwa gundi, asimwagize mtu kwa mdomo.

Siku ile ya chumvi, uliniona?

Mimi, Masika wako, kama bado unajua ni Masika gani.