Ncha ya Pili ya Kilemba

Mbinga, Julai 1995

Baba mkwe,

Shikamoo. Huku baridi kali, kahawa imeiva, na wanunuzi binafsi wanaigombania hadi mlangoni.

Telegramu yangu hukuijibu, basi narudia: lori la mwanao Gurmit lilifeli breki kwenye mteremko wa Mbamba Bay. Alifariki papo hapo.

Shangazi zangu walitaka anyolewe. Nikakataa. Nikamchana nywele zake ndefu, nikatoa kilemba. Kila asubuhi tulikikunja pamoja, yeye kashika ncha moja, mimi nyingine. Safari hii ncha ya pili aliishika mama yangu, rozari shingoni. Majirani wakaleta kuni za kumchomea, ingawa kwetu tunazika.

Gurmit aliniambia kwenu Makalasinga Mungu ni mmoja, hana kabila, ndiyo maana hekaluni wote mnakaa chini mkala pamoja. Kwangu hukunywa hata maji. Nakulaumu, Baba, sitakuficha.

Majivu yake bado ninayo. Njoo tuyapeleke ziwani. Nitatandika mkeka mmoja tu.

Mkweo, hata ukikataa,
Ottilia