Wamemfuata Anna Hadi Ilala

Baba Anna mpenzi,

Hamjambo huko Marangu? Huku joto limenivua sweta, ila nina furaha tele.

Mizigo kutoka nje imekwama, na maduka ya viatu hapa Kariakoo ni matupu wakati shule zinakaribia kufunguliwa. Jana wafanyabiashara walijaa dukani kwa binti yetu. Mzee mmoja muuza jumla, aliyemcheka Anna alipoanza biashara, akamuuliza, "Mwanangu, wewe unaonaje?"

"Mzee, tusigombanie mzigo ambao haupo," Anna akasema. "Mafundi wa Ilala wanashona viatu vizuri. Tukiagiza pamoja, watoto watavaa."

Akawaonyesha jozi za mafundi hao anazouza mwenyewe. Wakazikunja, wakavuta soli. Kisha yule mzee akasema, "Tangulia, tunakufuata."

Ungewaona watu wazima wale wakimfuata mtoto wetu Mtaa wa Msimbazi! Muuza chapati akaniuliza yule dada ni nani. Nikamjibu mpaka wapita njia wakageuka: "Ni wangu! Nimemzaa mimi!"

Kunywa dawa zako, na usilale njaa kwa uvivu wa kupika. Nimekukumbuka.

Mama Anna