Kidumu cha Misa ya Kwanza

Giheta, 6 Agosti 2025

Mdogo wangu mpendwa Imelda,

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote hapo Gashoho. Mguu wako unaendeleaje? Sisi tu wazima, ila mimi silali. Nimekupigia simu mara mbili nikueleze sababu, na mara zote mbili nimeishia kuisifu divai yangu. Ndiyo maana naandika.

Vita vyangu unavijua. Miaka minne nimepiga kelele katika gazeti la parokia kwamba ni aibu nchi ya wakulima kungojea divai ya altare kutoka ng'ambo. Anatoli, muuza asali, nilimwita mwizi kwa kutia sukari katika asali yake. Kisha nikapanda Aglianiko, mzabibu wa kale wa Italia ya kusini, ambao vipando vyake nilivitoa Dodoma. Vitabu vilinionya: zabibu zake zina ngozi nene na uchachu mkali, huchelewa sana kuiva, na divai yake hukaza ulimi miaka mingi kabla ya kulainika. Nikajibu kwamba mti unaopenda milima utaipenda Giheta. Gaudensia akauliza kama sasa mumewe ameanza kubishana na miti.

Mwanao Audax, padre mpya, alipoiomba divai hiyo kwa misa yake ya kwanza Jumapili hii, nililia kwa furaha. Sikumwambia kwamba mvua za Aprili zilikuta zabibu bado chachu, zikaanza kuoza, nikazichuma mbichi. Maji yake yalikuwa makali kama ndimu, na siku tisa yalikaa tu, hayachachi.

Imelda, nilitia maji ya ndizi, yale tunayotengenezea pombe yetu ya urwarwa. Lita tano. Yakachemka siku ileile. Kanisa linataka zabibu tupu. Kidumu alichokuletea jirani yetu Kastori juzi si divai ya misa. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuogopa kicheko cha Anatoli.

Msomee Audax barua hii leo, usipunguze neno. Aombe chupa ya ng'ambo kwa paroko wenu. Nitafika Jumamosi, na baada ya misa nitasimama mwenyewe niwaeleze watu.

Anatoli nimemwambia asubuhi hii. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba tuje pamoja. Kidumu kifunguliwe kwenye karamu, na kikombe cha kwanza apewe yeye.

Gaudensia anakukumbatia. Nisalimie wote.

Kaka yako, asiyezoea kuomba radhi,
Yakobo