Bure, Mimi!

Shoga, nimetoka darasani sasa hivi.

Ile app yangu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo, leo nimeionyesha mbele ya wote. Mwalimu wetu wa kubuni app alikuwa achague moja kati ya zetu, ya kumpelekea daktari wa zahanati.

Akauliza, "Hii umeichora kwa programu gani?" Nikasema ukweli: ya bure, mwalimu. Na picha zake za bure, na herufi za bure.

Akacheka! "Vitu vya bure, na mwenyewe bure!"

Bure! Mimi! Ninayechora kwa mkono mmoja huku mtoto ananyonya! Na simu hakuigusa, shoga. Hakufungua hata ukurasa mmoja, nyani yule.

Nikasimama. "Mwalimu, hata hiyo pumzi unayonitukania umepewa bure." Darasa zima likaangua kicheko, safari hii si mimi niliyechekwa.

Akalikata jina langu kwenye orodha papo hapo. Na alikate!

Kesho mwanangu anachomwa sindano, app yenyewe imenikumbusha nikiwa njiani. Namfunga mgongoni, na huyo daktari nitamwonyesha mwenyewe.