Bi Kazija Alivyorudi Jikoni

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kwa mapenzi. Hapa Malindi sote wazima, na miguu ya mama yako imepata nafuu. Unaniuliza ufanyeje na hao wazee unaowatunza huko, maana chakula hawakitaki na mazoezi hawayataki.

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee hapa kisiwani. Mzee mmoja, Bi Kazija, alikuwa hanyanyuki kitandani, na uji akiurudisha. Alikonda mpaka tukaogopa. Nikimwambia anyooshe miguu, hunijibu, "Mimi si askari."

Siku moja nilimpelekea mchuzi wa samaki. Akaonja, akakunja uso.

"Tui gani hili? Nani kakuna nazi?"

"Mimi, Bi."

"Nipeleke jikoni."

Tulimshika huku na huku mpaka kwenye mbuzi ya kukunia. Akakuna nazi nzima, anahema, kisha akala sahani yote. Tangu hapo hatukumwita tena mazoezini, tulimwita jikoni.

Ramadhani ilipoingia, alasiri moja tulimkuta keshatutangulia peke yake, kajishika ukutani, anagonga mlango wa jikoni.

"Fungueni! Watu watafuturu nini?"

Hao wako sijui walikuwa wakipenda kazi gani. Waulize.

Mola akuhifadhi,
Bibi yako Mwanaidi