Udongo wa Jaruba Katika Kopo la Chai

Ayagawa, Kagawa
27 Julai 2019

Mpendwa wifi yangu Mitsue,

Hujambo huko Londrina? Najua kwenu, upande ule wa dunia, sasa ni baridi, na nilisikia kwamba umande umeganda kwenye mibuni ya watu. Magoti yako yanasemaje? Na mume wako Kunihiko, bado anakataa kuvaa soksi ndani ya nyumba? Mwambie nimeuliza, asije akadhani huku tumemsahau.

Mimi ni mzima. Joto limeanza vibaya, nyenze wanapiga kelele tangu alfajiri, na chakula hakipandi sana ila tambi za baridi. Binti yetu Chinatsu hunipigia simu kutoka Osaka kila Jumapili kuniuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Mara nyingi ni kweli.

Kahawa uliyotuma wakati wa msiba haijaisha. Kila asubuhi namwekea kaka yako Yasutaka kikombe mbele ya picha yake, na ikipoa naimaliza mimi. Unakumbuka alivyokuwa akipuliza hata maji ya bomba?

Sasa, wifi, nina jambo ambalo siwezi kumweleza mtu wa hapa. Kijiji hiki ukikohoa jikoni, unaletewa dawa mlangoni.

Unalikumbuka jaruba la chini, lile ambalo wewe na Yasutaka mliingia matopeni mkiwa watoto kukamata kabutoebi, vile vidudu vya majini vyenye gamba kama kofia, kwa chujio la chai la mama yenu. Leo pale ni maegesho ya duka la dawa. Kabla mashine hazijafukia, Yasutaka alichota ndoo ya tope, akalikausha juani, akalitia kwenye kopo la chai. Tangu hapo, kila mwaka siku wanapofungua bwawa kubwa kumwagilia mpunga, naye alilowesha udongo wake kwenye beseni barazani. Mayai yaliyokaa makavu mwaka mzima yalianguliwa humo, wakakua, wakataga, wakafa, na tope likakaushwa na kurudi koponi. Hakuna kwingine walikobaki kabutoebi wa jaruba lile.

Hospitalini, mwezi wa Februari, sauti ikiwa imekwisha, aliniambia, "Wakifungua bwawa, lowesha." Sikumjibu vizuri. Nilimwambia atalowesha mwenyewe.

Basi mwezi uliopita walipofungua bwawa, nilikwenda bandani nikashusha kopo. Hapo moyo ukaanza kuingiwa na shaka. Vidole vya Yasutaka vilikuwa vigumu tangu ajali ya mashine ya kuvunia, kwa hiyo kila alipofunga kitu kwa selotepu alikunja ncha yake, apate pa kushika siku ya kufungua. Nyumba yangu yote imejaa hizo ncha zilizokunjwa, hata kwenye mfuko wa sukari. Selotepu ya kopo lile ilikuwa imebandikwa moja kwa moja, laini, kama ya dukani. Na udongo wa ndani ulikuwa mweupe, umechekechwa. Wetu ulikuwa mweusi, na vipande vya majani ya mpunga.

Nikajiambia labda aliusafisha kabla ya kuugua. Nikaulowesha.

Siwezi kukuficha, siku nilipoona vile vidoa vyeupe vikirukaruka kwenye maji nilikaa chini barazani nikacheka peke yangu. Nikawapa mchicha uliochemshwa na chakula cha samaki. Wakala, wakakua, wakalana wenyewe kwa wenyewe kama kawaida yao, wakaanza kuogelea tumbo juu na miguu ikicheza. Lakini kila nilipowatazama, kitu kilinikera.

Wote walikuwa na vifuko vyekundu vya mayai miguuni. Wote, wifi. Beseni zima la akina mama. Nawe unajua wetu wana madume na majike, Yasutaka alipomwona dume wa kwanza wa mwaka alipiga kelele mpaka barabarani, "Bwana harusi kafika!" Ili nisije nikamsingizia mtu, nilimtenga mmoja kwenye bakuli la kunawia, peke yake kabisa. Akataga. Nikakausha mchanga wake, nikaulowesha tena, na vidoa vikatoka. Wa jaruba letu hawawezi hivyo bila mume. Hawa ni wale wa kununua kwenye pakiti, wanaopewa watoto likizo.

Mtu alikuwa amebadilisha udongo. Na mtu wa kumdhania alikuwa mmoja tu.

Unamjua Miyawaki, rafiki wa Yasutaka tangu walipokuwa pamoja kwenye chama cha ushirika cha wakulima. Naye anafuga kabutoebi, na wa kwake ni hao wa pakiti. Miaka yote aliomba udongo wetu. Nilikuwa nikiwasikia barazani:

"Kaka, konzi moja tu ya udongo."

"Hata nikifa sikupi."

"Basi nitauchukua mazishini."

"Njoo na beseni lako, tuone kama sitafumbua macho."

Wakacheka, nami nikacheka nikiwakatia tikiti. Maneno hayo yalinirudia mwezi huu yakiwa hayachekeshi tena. Nikakumbuka kwamba siku ya sala za kutimiza siku arobaini na tisa tangu Yasutaka afariki, Miyawaki ndiye aliyekwenda bandani kuchukua viti, na alikawia. Nikakumbuka kwamba zamani aliniletea tambi kila Ijumaa, na tangu bwawa lifunguliwe ananiinamia kwa mbali na kukata kona. Mkewe, Sumie, tulikutana sokoni akaniambia kwa mzaha, "Dada, huyu mzee siku hizi ana mke mdogo nyuma ya nyumba. Kamfunika na pazia la mianzi, hataki hata nianike nguo karibu."

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani niliweka mboga chini nikarudi kulitazama beseni langu.

Jumatano nilibeba zawadi ya kiangazi, sanduku la tambi kavu, ili niwe na sababu ya kwenda. Sikupiga hodi mbele. Nilizunguka nyuma moja kwa moja, nikainua lile pazia.

Walikuwa wachache, wadogo, weusi. Wawili hawakuwa na vifuko. Mabwana harusi.

"Shemeji, funika," Miyawaki alisema nyuma yangu. "Wanaungua na jua."

"Wanaogopa jua, au wewe unaniogopa mimi?"

Akavua kofia.

"Beseni langu lina wanawake watupu, Miyawaki. Lini nyumba ya Yasutaka ilikosa bwana harusi?"

"Sikudhani utaangalia mpaka miguuni."

"Nani alikuwa akiwalisha hawa Yasutaka alipokuwa shambani? Paka?"

Sumie alikuwa ametoka na ndala za mumewe miguuni. "Sema, mzee," alimwambia. "Sema kabla sijaanza mimi, maana mimi sijui kufupisha."

Akasema. Kwamba siku ile ya sala alikuta paa la banda linavuja juu ya rafu. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimeota kutu, udongo umelowa na kunuka uvundo. Mayai yakilowa kwenye baridi, baadhi huanguliwa na kufa hapo hapo, mengine huoza. Akaondoka na kopo ndani ya koti, akaukausha udongo kwake, na siku ya pili akarudisha kopo jingine la aina ile ile lenye mchanga wake, akaziba na paa kwa bati.

"Ningekwambia vipi siku ile, shemeji? Ulikuwa na nguo nyeusi. Nilitaka ukilowesha, kitu kicheze. Hata kama si chenyewe."

"Na hawa wangekufa?"

"Ningenyamaza."

"Na wasingekufa? Ungenirudishia?"

Hapo, wifi, alinikwepa macho. Akalitazama beseni. "Ningerudisha," alisema. "Nikishawaangalia kidogo."

"Kidogo!" Sumie alidakia. "Anakula chakula cha mchana akiwa amechuchumaa hapo."

Niliondoka bila kunywa chai. Nyumbani niliingia bandani nikatazama juu, jambo ambalo sifanyi. Kweli kuna kipande cha bati kipya, na misumari inang'aa. Lakini msumari hausemi ulipigiliwa lini. Aliyeiba anaweza pia kuziba paa. Nilikaa na wazo hilo siku nzima, nikalipindua kama shati linalotafutwa doa.

Kesho yake alikuja na gari lake dogo la mizigo, analiendesha polepole, beseni limefungwa kamba nyuma na maji yanamwagika kila shimo. Akalishusha barazani. Kisha akatoa kopo letu la zamani na kunipa kwa mikono miwili. Lilikuwa limeliwa na kutu mpaka begani. Pembeni mwa kifuniko palibaki kipande cha selotepu, kimegeuka rangi ya chai. Ncha yake ilikuwa imekunjwa.

Hicho ndicho nilichokiamini. Mengine nayaamini nusu.

Akainama, akageuka kwenda zake mikono mitupu. Nilimtazama mgongo. Kola ya shati lake imekatika pale pale ilipokuwa ikikatika ya Yasutaka, kwa ajili ya taulo la shingoni.

"Miyawaki," nilimwita. "Baada ya Obon, tope likikauka, konzi moja ni lako."

"Yasutaka alikataa, shemeji."

"Yasutaka alisema hata akifa hatakupa. Mimi sikusema hivyo."

Akajifuta uso, akasema joto la mwaka huu limezidi.

"Ila beseni lako utaliweka mbele ya nyumba, si nyuma. Nataka nilione nikipita."

"Mbele," akasema. "Na bila pazia."

Kwa hiyo sasa wako hapa barazani, ninapokuandikia. Mmoja wa mabwana harusi ameanza kuchoka; sijui kama atafika tarehe kumi na tatu ya Agosti, Obon inapoanza, roho ya kaka yako itakaporudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu atutoke. Nimemwomba avumilie. Kama mayai yaliyomo topeni ni mazima hatutajua mpaka bwawa lifunguliwe tena mwakani. Mpaka wakati huo simwamini Miyawaki sawasawa, wala bati, wala huo udongo wenyewe. Kopo jipya la kutilia tope hilo nimeliweka jikoni, juu ya friji, mahali ninapopaona.

Nisalimie Kunihiko, Lucia na watoto wake, na yule mzee Takase mnayecheza naye karata kama bado anadanganya. Chinatsu anakusalimu. Wazee wetu waliotangulia wawalinde, na baridi isiguse kahawa yenu.

Siku hiyo ya tarehe kumi na tatu ukiwasha ubani huko, mtaje kaka yako kwa jina, kwa sauti. Na mimi unikumbuke.

Ni mimi wifi yako, mwenye kukupenda daima,
Fusae