Dawa Isiyomezwa Peke Yake

Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu yako imepata nafuu? Mvua huko mmeiona? Mimi nasimama na kutembea, lakini kuna jambo linanisumbua, na wewe ndiye wa kunisaidia.

Kubeba mizigo nimeacha. Kwa kuwa nimekijua Kinyakyusa, daktari Mjerumani amenifanya mkalimani wake wa dawa. Yeye husema kwa Kiswahili chake, mimi huwaeleza wagonjwa: hii ya kumeza, hii ya kupaka. Tunazunguka vijijini kwenye matope mpaka magoti yanagoma.

Huku wanaume hula pamoja na wa rika lao. Anayekula peke yake husemwa ni mchawi, ana chatu tumboni. Na mtu akiwakosea wenzake, humnung'unikia chinichini, na mnung'uniko ule humwingia mwilini kama baridi. Wanaiita mbepo. Nilikuwa nacheka.

Kule kijijini Ikolo tulimkuta Angolile anatetemeka juani kwa homa. Daktari akatoa kwinini. "Mwambie ameze peke yake kila asubuhi, asimgawie mtu." Nikasema vilevile. Wenzake wa rika walikuwa wamekaa uani wakisikiliza. Kisha mmoja wao, Mwaisumo, akaniambia, "Mgeni, na wewe unajipikia, unakula peke yako. Chatu wako hajambo?" Wakacheka. Angolile hakucheka.

Tuliporudi Ikolo baada ya siku kadhaa, Angolile alikuwa mifupa mitupu. Mkewe akanivuta pembeni, akafunua mkeka: vidonge, vimelowa mate. "Anavitema. Anasema heri afe na homa kuliko afe mchawi."

Basi daktari alipokwenda nyumba ya pili, nikawaita wa rika lake. "Dawa hii imezwe mbele yenu," nikawaambia, "na kwanza kila mtu aseme lililo moyoni." Daktari hakusema hivyo, mama. Wakasema. Ikatoka kwamba Angolile alificha nyama ya msibani asiwagawie. Wakajaza maji vinywani, wakayapuliza chini, ndiyo kusema kinyongo kimetoka. Angolile akameza. Sasa analima, na daktari anaisifu kwinini yake.

Tulipoagana, Mwaisumo akaniuliza, safari hii bila mzaha, "Na wewe, mgeni, nani atakusemea lililo moyoni?"

Tangu hapo baridi hunishika mchana, jua likiwa utosini. Daktari amenipima: homa hakuna. Lakini nasikia watu wananung'unika nyuma ya migomba. Nikienda, hakuna mtu. Na si Kinyakyusa, mama. Ni Kizaramo chetu. Na kikohozi ninachokisikia kati yao ni cha mjomba, nakijua.

Sijui nimemkosea nani. Wakusanye wote uani kwako. Mwalimu anayekusomea barua hii aisome tena mbele ya mjomba. Aliye na neno juu yangu aliseme kwa sauti, kisha mpulize maji chini.

Nisalimie dada yangu mwenye mapacha, na shemeji msuka mikeka, na mjomba, yeye kwanza.

Naandika nikiwa juani, nimejifunika blanketi. Msihangaike kunijibu. Siku nitakayolivua, nitajua mmesema.

Mwanao,
Kibwana